Kujua Mvua Inakuja Si Kuezeka Paa

Katika mijadala kuhusu upasuaji wa saratani ya ini kuna hoja iliyozoeleka hadi karibu hakuna anayeihoji. Inasema hivi: wagonjwa wanakufa mapema baada ya kukatwa ini kwa sababu hatuna njia ya kuaminika ya kuwatambua walio hatarini kabla ya kisu. Tukipata kikokotoo bora, chenye vigezo vingi zaidi na kinachoendeshwa na akili mnemba, tutawatenga walio hatarini na vifo vitapungua. Kwa imani hiyo fomula mpya zinachapishwa mfululizo, kila moja ikidai kuipita iliyoitangulia kwa nukta chache.

Naipinga hoja hiyo. Sina ugomvi na hesabu. Daktari asiyepima hana tofauti na mpiga ramli. Ugomvi wangu ni na imani kwamba kifo cha mapema kimo tayari ndani ya mgonjwa, kimeandikwa katika damu yake, kinangoja tu msomaji hodari. Kifo hicho hutengenezwa. Hutengenezwa siku baada ya siku, kati ya kipande cha ini kilichobaki, mikono iliyokata, na watu wanaokesha wodini. Anayekitafuta ndani ya mgonjwa peke yake atatabiri vizuri na kuzika vilevile.

Kwanza, si kweli kwamba hatujui. Tangu mwaka 1964, Child na Turcotte walipowapanga wagonjwa wa sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, kwa madaraja, madaktari wamekuwa na kipimo. Mwaka 1973 Pugh na wenzake wa London walikirekebisha, wakatuachia vigezo 5 ambavyo kila mwanafunzi wa udaktari hukaririshwa: bilirubini (rangi ya manjano ambayo ini huiondoa katika damu), albumini (protini inayotengenezwa na ini), muda wa damu kuganda, maji tumboni, na akili kuvurugika pale ini linaposhindwa kusafisha damu. Mwaka 2000 watafiti wa Mayo Clinic nchini Marekani walitoa hesabu iliyokuja kuitwa MELD. Mwaka 2015 ikaja ALBI, ambayo haihitaji zaidi ya albumini na bilirubini, vipimo 2 vya damu visivyodai mashine ya ajabu.

Kisha kuna kipimo cha siku ya 5. Mwaka 2005 madaktari wa upasuaji wa hospitali ya Beaujon, mjini Clichy pembeni ya Paris, walichapisha uchambuzi wa wagonjwa 775 waliokatwa ini. Baada ya upasuaji mkubwa wa aina hii uwezo wa damu kuganda hushuka na bilirubini hupanda hata kwa mtu atakayepona, maana kipande kilichobaki kimebebeshwa kazi ya ini zima. Ikifika siku ya 5, ini linalopona huwa limeanza kujirudi. Wakaona kwamba mgonjwa ambaye siku hiyo kuganda kwa damu yake kuko chini ya asilimia 50 ya kawaida, na bilirubini imevuka maikromoli 50 kwa lita, hatari yake ya kufa ni asilimia 59. Asiye na alama hizo mbili kwa pamoja, hatari yake ni asilimia 1.2.

Namba mbili tu, na tofauti kati ya 59 na 1.2. Ukiniambia mwaka huu kwamba vifo vinatokana na kukosa utabiri, nitakuuliza utabiri huu wa tangu mwaka 2005 umefanyiwa nini katika wodi yako. Je, bilirubini na kuganda kwa damu hupimwa kila siku kuanzia siku ya kwanza? Majibu hurudi mchana uleule, au hurudi mgonjwa akiwa ameshabadilika rangi ya macho? Na itazame tena ile 59. Hata waliobeba alama mbaya kuliko zote, karibu 4 kati ya kila 10 waliishi. Walikuwa mikononi mwa watu waliolifanya ini kuwa kazi yao ya kila siku. Alama haikuwa hukumu hata pale ilipozaliwa.

Pili, vikokotoo vingi vinajibu maswali ambayo hayakuulizwa na mgonjwa wetu. Pugh na wenzake hawakuwa wanakata saratani. Walikuwa wanawafanyia upasuaji watu waliovuja damu kutoka mishipa iliyovimba ya koo la chakula. MELD ilianza kama njia ya kukadiria nani ataishi baada ya kuwekewa mrija ndani ya ini wa kupunguza shinikizo la damu, kabla ya kufanywa kanuni ya kugawa maini ya kupandikizwa Marekani mwaka 2002. Chombo kinaweza kufaa kazi nyingine, lakini lazima kijaribiwe upya kwenye kazi hiyo na kwa watu hao.

Fomula nyingi za sasa zina kasoro kubwa zaidi. Zimejengwa juu ya rejista ya saratani ya Marekani, SEER, iliyoanza kukusanya taarifa mwaka 1973. Ni hazina ya kweli kwa anayetaka kujua saratani imeenea vipi. Ina umri wa mgonjwa, jinsia, ukubwa wa uvimbe, hatua ya ugonjwa, aina ya upasuaji, hata kama ana mume au mke. Haina bilirubini yake. Haina albumini yake. Haisemi ni kiasi gani cha ini kilibaki, damu kiasi gani ilimwagika mezani, wala wauguzi wangapi walikuwa zamu usiku ule. Yaani haina karibu kila kitu kinachoua ndani ya wiki chache za mwanzo. Kutoka kwenye rejista hiyo mtu anaweza kuchora jedwali zuri la alama, lenye hali ya ndoa ndani yake, na kuliita utabiri wa kifo cha mapema. Namheshimu aliyefanya hesabu, lakini mgonjwa wangu sitampima kwa jedwali hilo.

Tena fomula hujisifu kwa kutofautisha: chukua wagonjwa wawili, mmoja aliyekufa na mmoja aliyepona, je, aliyekufa alipewa alama kubwa zaidi? Ni swali halali. Lakini mgonjwa aliyeketi mbele ya daktari hakuja na mwenzake wa kulinganishwa naye. Anataka kujua kama asilimia 10 anayoambiwa ni 10 kweli, katika hospitali hii, kwa timu hii. Fomula inaweza kuwapanga watu sawasawa kwenye mstari na bado ikakosea hatari ya kila mmoja inapovushwa bahari. Hospitali ambayo haijawahi kuhesabu vifo vyake yenyewe haina njia ya kujua kama fomula iliyoazima inasema kweli.

Tatu, neno lenyewe “mapema” limefunika vifo vya aina mbili. Kuna mtu anayekufa kwa sababu ya upasuaji: ini lililobaki limeshindwa, nyongo imevuja, usaha umejikusanya, figo zimesimama. Na kuna anayekufa kwa sababu saratani imerudi mbio, pengine ilishaingia kwenye mishipa midogo ya damu kabla ya kukatwa. Wa kwanza angeokolewa wodini au kwa kukatwa kidogo zaidi. Wa pili alihitaji uamuzi mwingine tangu mwanzo, au ufuatiliaji wa karibu miezi iliyofuata. Fomula inayowaweka wote katika kapu moja, ikasema “alikufa mapema”, haimwambii daktari aweke nguvu wapi. Na wanaohesabu vifo vya siku 30 tu wanadanganyika zaidi. Ini hushindwa polepole. Mgonjwa huruhusiwa, hurudi nyumbani, tumbo huanza kujaa maji, manjano huongezeka, na wiki ya saba anazikwa kijijini. Katika vitabu vya hospitali amehesabiwa aliyepona. Ndiyo sababu wataalamu makini wa upasuaji huu walihamia kuhesabu hadi siku ya 90.

Sasa nafika kwenye kiini cha malumbano haya. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliwachambua wagonjwa 84,730 wa upasuaji nchini Marekani, si wa ini peke yake. Walilinganisha hospitali zenye vifo vichache na zenye vifo vingi. Mtu angetarajia kuona kwamba hospitali za vifo vingi zina wagonjwa wanaopata matatizo mengi zaidi baada ya upasuaji. Haikuwa hivyo. Matatizo yalikuwa asilimia 24.6 upande mmoja na 26.9 upande wa pili, karibu sawa. Tofauti ilikuwa baada ya tatizo kutokea: katika hospitali bora, waliopata tatizo kubwa walikufa asilimia 12.5, katika hospitali mbaya, asilimia 21.4. Wagonjwa walianguka kwa kiwango kilekile. Tofauti ilikuwa ni nani aliyewanyanyua.

Kikokotoo gani kitakachowekwa mkononi mwa daktari kabla ya upasuaji kingeweza kuona tofauti hiyo? Hakuna, kwa sababu haimo kwa mgonjwa. Imo katika jengo, katika ratiba ya zamu, katika ujasiri wa muuguzi kijana kumpigia bingwa simu usiku bila kuogopa kufokewa. Kila janga la siku ya 5 lilikuwa jambo dogo siku ya 3: homa kidogo, mapigo ya moyo yaliyopanda, mkojo uliopungua, mgonjwa aliyeanza kujibu maswali taratibu kuliko jana. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika ini, asiyeziba ufa hapati nafasi ya kujenga ukuta.

Afrika tuna ushahidi wetu. Utafiti wa ASOS, uliochapishwa mwaka 2018, uliwafuatilia wagonjwa 11,422 wa upasuaji wa kila aina katika hospitali 247 za nchi 25. Wagonjwa wetu walikuwa vijana kuliko wa nchi tajiri, wenye hatari ndogo, na walipata matatizo machache. Walikufa mara mbili ya wastani wa dunia. Na katika kila vifo 100, 94 vilitokea kuanzia kesho yake, baada ya siku ya upasuaji kupita. Upasuaji wenyewe waliuvuka; wodi hawakuivuka.

Watetezi wa vikokotoo wangesema hapo ndipo utabiri unapohitajika: tuwatambue walio hatarini ili tuwaangalie zaidi. Jambo hilo limejaribiwa. Utafiti wa ASOS-2, uliochapishwa mwaka 2021, ulitumia alama za hatari zilizotengenezwa kwa takwimu za Afrika yenyewe, katika hospitali zaidi ya 300 za nchi 28. Katika hospitali zilizopewa mpango huo, mgonjwa mwenye alama kubwa alitakiwa kupimwa mara nyingi zaidi, kulazwa karibu na meza ya wauguzi au katika wodi ya uangalizi wa juu, kuruhusiwa ndugu akae naye, na kuwekewa mwongozo kando ya kitanda. Vifo havikupungua.

Utafiti huo unanikemea na mimi, na lazima nikiri. Ningekuwa nadai tu kwamba “waangalieni zaidi”, ungenijibu kwamba macho peke yake hayatoshi. Ndugu aliyekaa kitandani anaweza kuona kwamba mgonjwa anabadilika. Muuguzi mmoja mwenye wagonjwa wengi kupita uwezo wake anaweza kuona pia. Lakini kama hakuna daktari wa kuja, hakuna damu katika benki ya damu, hakuna nafasi chumba cha wagonjwa mahututi, na chumba cha upasuaji kimefungwa hadi Jumatatu, basi tumeongeza mashahidi wa kifo. Dalili ya mvua ni mawingu, tunaambiwa tangu utotoni. Ila mtu anaweza kuyasoma mawingu kwa ufasaha wote na bado akalala kwenye nyumba isiyo na paa.

Je, basi namba hazina kazi? Zina kazi kubwa, zikiulizwa swali sahihi, na mfano bora naupata Japani. Mpasuaji Masatoshi Makuuchi na wenzake walitengeneza mti wa maamuzi unaotumia mambo matatu: maji tumboni, bilirubini, na jinsi ini linavyoondoa rangi ya kijani iitwayo indosiyanini iliyodungwa kwenye mshipa. Baada ya dakika 15 hupimwa ni kiasi gani cha rangi bado kimo katika damu. Chini ya asilimia 10, mpasuaji anaweza kuondoa upande mzima wa kulia. Kadiri rangi inavyobaki nyingi, ndivyo anavyoruhusiwa kukata kidogo: sehemu, kisha kipande, kisha uvimbe wenyewe tu. Mwaka 2003 timu yake ya Chuo Kikuu cha Tokyo, iliyoutumia mti huo, ilichapisha taarifa ya upasuaji wa ini 1,056 katika miaka 8 bila kifo hata kimoja.

Ni kweli, mti huo pia huwakataa baadhi ya watu: mwenye maji tumboni yasiyodhibitika hakatwi. Sidai kwamba kila mtu apasuliwe. Ninachotaka msomaji akione ni aina ya swali. Kikokotoo cha kifo huuliza: huyu atakufa? Mti wa Tokyo huuliza: ini hili linavumilia nikate kiasi gani? Swali la kwanza linamwacha daktari mikono mitupu, achague kati ya ndiyo na hapana. La pili linambadilishia kazi mkononi. Vivyo hivyo, picha za siti-skani zikionyesha kwamba sehemu itakayobaki ni ndogo mno (kwa ini lenye sirosisi wengi hutaka ibaki angalau asilimia 40), kuna njia ya kuuziba mshipa unaolisha upande utakaokatwa, kusubiri wiki kadhaa upande wa pili ukue, ndipo mtu apasuliwe. Hapo hatari iliyopimwa imegeuzwa kuwa kazi.

Mpinzani wangu mwenye nguvu zaidi atasema: nchi zetu hazina vitanda wala damu, lazima tuchague, na kuchagua kwa hesabu ni haki kuliko kuchagua kwa kujuana. Naikubali nusu ya hoja hiyo. Uhaba ni wa kweli, na hesabu ya wazi inashinda upendeleo wa siri. Lakini tazama tunachagua kutoka wapi. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa wa saratani ya ini katika nchi za Afrika, Tanzania na Uganda zikiwemo. Nje ya Misri, wagonjwa nusu yao walikuwa na umri wa miaka 46 au chini. Waliopata tiba yoyote mahususi ya saratani hiyo walikuwa asilimia 3. Misri walikuwa 76. Nje ya Misri, nusu ya wagonjwa walikuwa wamekufa ndani ya miezi 2 na nusu. Penye mlango uliofunguliwa kwa watu 3 kati ya 100, kutafuta chujio jembamba zaidi si hekima. Ni kupanua mlango kunakotakiwa.

Zaidi ya hayo, chujio hujithibitisha lenyewe. Aliyekataliwa kisu kwa sababu ya alama hafi “baada ya upasuaji”, kwa hiyo hamo katika hesabu. Hatutajua kamwe kama angepona. Na aliyepasuliwa akiwa na alama mbaya, kila mtu akijua alama yake, anaweza kupiganiwa kwa moyo nusu siku hali inapobadilika. Akifa, fomula inapigiwa makofi kwa usahihi. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote: mashine inayojifunza kutokana na kukata kwetu tamaa, kisha inaturudishia kukata tamaa huko kwa sura ya sayansi.

Wengine wataniuliza kama mgonjwa hana haki ya kujua. Anayo, na yote. Aambiwe hatari kwa uwazi, na aambiwe ni hatari ya wapi. “Kwa watu kama wewe, katika hospitali hii, katika miaka hii, kati ya 40 tuliowapasua tulipoteza kadhaa ndani ya siku 90, na hivi ndivyo walivyokufa.” Hiyo ni sentensi ya ukweli. Asilimia iliyotolewa kwenye jedwali la ng’ambo, ikasomwa kwa sauti ya upole, inamnyima mgonjwa jambo alilopaswa kuuliza: ninyi mna uwezo gani?

Nadai basi mambo ambayo hayasubiri akili mnemba. Kila mgonjwa wa saratani ya ini apimwe homa ya ini B, na mwenye virusi aanzishiwe dawa kabla ya kisu na aendelee nayo, maana virusi vikiamka baada ya upasuaji huliangamiza ini lililobaki. Dawa hiyo, tenofovia, imo ndani ya kidonge ambacho watu wengi wanaoishi na VVU katika nchi zetu humeza kila siku. Kumkosesha mgonjwa wa ini ni kosa la mpangilio. Upasuaji huu ukusanywe katika hospitali chache zinazoufanya mara nyingi. Damu iwe imeshachangwa na kupimwa kabla mgonjwa hajalala mezani. Bilirubini na kuganda kwa damu vipimwe kila siku hadi siku ya 5, na kila kipimo kiwe na jina la mtu anayewajibika kukisoma. Vifo vyote vihesabiwe hadi siku ya 90, kwa kupiga simu nyumbani ikibidi, na vitangazwe.

Baada ya hapo leteni vikokotoo vyenu, nami nitavipokea kwa mikono miwili, kwa sababu vitakuwa na mahali pa kutua. Ila kila fomula inayoletwa niiulize swali moja. Ni saa 9 usiku, siku ya 5. Bilirubini imepita 50, damu haigandi, mgonjwa ameanza kusinzia. Fomula yako ilijua tangu wiki iliyopita kwamba huenda tukafika hapa. Je, kwa sababu ya kujua huko, nani ameitwa, na yuko njiani?